Tia Kidole Udongoni Kwanza



Tangu baridi ya Juni ituingilie hapa Eldoret, maswali mawili yamekuwa yakinifikia sana kwenye simu. La kwanza ni jepesi. Waliopita nyumbani kwetu wameyaona maua ya zambarau yaliyo karibu na dirisha la sebuleni, nao wanauliza, "Mchungaji, mnayafanyia nini? Ya kwangu hufa." La pili ni zito. "Kuna mtu wetu amefiwa. Tumemwombea, tumemtembelea, tumemtumia mistari ya Biblia, lakini anazidi kunyamaza. Tuongeze nini?" Leo nayajibu yote mawili kwa pamoja. Nivumilie nianze na ua, utaona sababu.

Ua hilo wauza miche wetu huliita African violet. Jina la kitaalamu lililozoeleka ni Saintpaulia, nasi tuseme sentipolia. Usikimbilie kuhubiri kwamba limepewa jina la Mtume Paulo! Mwaka 1892 afisa wa serikali ya kikoloni ya Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona Usambara, katika Tanzania ya leo, akalituma Ujerumani kwa baba yake. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland, wa bustani za Herrenhausen, akalipa jina la ukoo huo. Watu wakalizalisha hadi likawa na maelfu ya aina, na sasa liko madirishani dunia nzima. Kumbe kwao ni huku kwetu Afrika Mashariki. Hata hapa Kenya ndugu zake wa porini wapo, katika msitu wa Mbololo kule Taita, na kwenye miamba ya chokaa huko Kilifi.

Kujua kwao kuna faida, kwa maana ukijua mmea ulizoea nini utajua unahitaji nini. Porini huwezi kuikuta sentipolia katikati ya shamba ikipigwa na jua. Huota chini ya miti mikubwa, kwenye nyufa za miamba, penye udongo kidogo wa majani yaliyooza. Mvua ikinyesha, maji hupita na kushuka, hayatuami. Mwanga huifikia ukiwa umechujwa na majani ya miti. Mungu aliiumba iishi kwa kidogo kinachokuja kwa upole.

Sasa ilete Eldoret. Mji wetu uko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na mmea huu hupenda joto la nyuzi 18 hadi 24. Usiku wa Julai unajua wenyewe ulivyo. Kwa hiyo mchana uweke karibu na dirisha la upande wa mashariki, nyuma ya pazia jepesi, upate mwanga bila kuchomwa. Jioni uondoe pale kwenye kioo, kwa sababu kioo hubeba baridi ya nje. Udongo wetu mwekundu ni mzito mno kwake ukiwa peke yake. Changanya na mboji iliyooza vizuri na mchanga. Usiipandie kwenye chungu kikubwa ukidhani unaipa nafasi, maana udongo mwingi hushika maji mengi. Mkebe mdogo unatosha, mradi una matundu chini. Maua yaliyonyauka yachume ili mmea usipoteze nguvu kwa kilichokwisha.

Hayo yote ni rahisi. Kinachoua mimea hii majumbani ni maji.

Aliyetufundisha jambo hili ni mama mmoja mzee wa kanisa letu, mwalimu mstaafu, ambaye watoto humwita Gogo, yaani nyanya kwa Kikalenjin. Ndiye aliyempa mke wangu mche wa kwanza, ndani ya mkebe wa Kimbo. Alituambia tusimwagie maji juu. Majani ya sentipolia yana manyoya laini, na maji baridi yakitua juu yake huacha madoa yasiyofutika. Maji yakituama katikati, pale majani machanga yanapotokea, mmea huoza. Weka maji yasiyo baridi kwenye kisahani, kalisha mkebe humo kama nusu saa, mizizi inywe kutoka chini kadiri inavyotaka, kisha maji yaliyobaki uyamwage. Na kabla ya yote hayo, tia kidole udongoni. Kama juu bado ni mbichi, ondoka. Rudi siku nyingine.

Halafu akatuambia neno ambalo sijaacha kulitafakari. Mmea wenye kiu hulegeza majani. Mmea uliozidiwa na maji nao hulegeza majani, vilevile kabisa, kwa sababu mizizi ikikosa hewa huoza, na mizizi iliyooza haiwezi kunywa hata ikiwa imezama ndani ya maji. Mtu akiyatazama majani tu atasema, "Maskini, una kiu," atamwagia tena. Kesho atauona umelegea zaidi, ataongeza. Anaua kwa huruma, na akiulizwa atasema kwa ukweli kabisa, "Lakini nilikuwa naumwagilia kila siku!"

Mpendwa, hapo ndipo swali la pili linapoingia.

Kuna dada mmoja katika ushirika wetu ambaye ameniruhusu niandike haya bila kumtaja. Mwaka jana alibeba mimba miezi tisa, akajifungua, na mtoto hakuishi hadi asubuhi. Alirudi nyumbani na shuka la mtoto likiwa bado jipya ndani ya mfuko. Kanisa lilimpenda. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, hakuna aliyefika kwake kwa nia mbaya. Walikuja asubuhi, wakaja mchana, wakaja jioni. Kila kundi lilikuja na wimbo, na maombi, na neno. Mmoja alimwambia Mungu alihitaji malaika. Mwingine akamwambia bado ni msichana, atapata mwingine. Mwingine akamuuliza kama kuna mlango wa dhambi uliokuwa wazi. Simu yake ilijaa mistari ya Biblia. Na kila alipozidi kunyamaza, watu walisema, "Ameanza kuvunjika moyo, tuongeze maombi," wakaongeza siku. Mwishowe akaacha kufungua mlango. Mume wake alikuja kwangu akasema maneno haya: "Mchungaji, anasema akisikia geti likibishwa anataka kukimbia."

Majani yalikuwa yamelegea. Swali lilikuwa: ni kiu, au ni maji?

Gogo alienda peke yake siku ya Jumanne. Alibisha mara moja, akasema kwa sauti ya kawaida, "Ni mimi. Sikuja kuomba leo. Nimekuja kuosha vyombo." Mlango ukafunguliwa. Akaosha vyombo. Akapika uji wa wimbi, akaweka kikombe mezani bila kumlazimisha dada anywe. Akakaa. Saa mbili zikapita hawajasemezana neno. Alipokuwa akiaga, dada yule akauliza, "Gogo, utakuja tena?" Akaenda Jumanne iliyofuata, na nyingine. Jumanne ya nne ndipo dada alipolitaja jina alilokuwa amemchagulia mtoto. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amemuuliza jina. Gogo akalirudia jina lile polepole, wakalia pamoja, na siku hiyo dada mwenyewe ndiye aliyesema, "Sasa niombee."

Hayo ndiyo maji yanayotoka chini.

Usinielewe vibaya. Mimi ni Mpentekoste. Naamini katika maombi ya kelele na maombi ya kimya, mkesha na kufunga. Maji si adui wa mmea. Bila maji utakufa. Ninachosema ni kwamba kuna kipimo, kuna wakati, na kuna upande wa kuyatia. Fungua 1 Wafalme 19 utazame Mungu mwenyewe anavyomhudumia Elia alipochoka hadi akaomba kufa. Hakuanza na mahubiri. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akampa mkate uliookwa na maji, akamwacha alale tena. Akamlisha mara ya pili. Mazungumzo ya Horebu yalikuja baada ya safari ya siku 40, na hata hapo Mungu alianza na swali, akamwacha Elia aseme yaliyo moyoni. Kama Bwana anaweza kusubiri, wewe una haraka ya nini?

Soma pia Ayubu 2:13. Rafiki zake waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa mno. Huduma yao bora ilikuwa wiki ile. Walipofungua vinywa wakaanza kueleza sababu za msiba, wakaharibu, na mwisho wa kitabu Mungu akawakemea. Na Mithali 25:20 ni kama iliandikwa kwa ajili ya watu wa Uasin Gishu mwezi wa Julai: kumwimbia nyimbo mtu mwenye moyo mzito ni sawa na kumvua nguo siku ya baridi. Tunajua baridi. Basi tusivue watu nguo tukidhani tunawafariji.

Wiki hii, kwa hiyo, kabla hujamwendea aliyefiwa, tia kidole udongoni. Maana yake ni uulize na usikilize. "Umelala jana?" "Umekula?" "Ungependa nikae au nirudi siku nyingine?" Akisema rudi siku nyingine, usikasirike na usimhesabie upungufu wa imani, udongo bado ni mbichi. Ondoka, na siku hiyo nyingine urudi kweli. Wengi tunafika wiki ya mazishi tukiwa 40, na mwezi wa tatu hayupo hata mmoja. Mmea haunywi maji ya mwezi mzima kwa siku moja.

Angalia na mahitaji ya chini, yasiyoonekana. Nani anawapeleka watoto shuleni? Deni la hospitali limefikia wapi? Kuna gesi jikoni? Mtu akifuliwa nguo hapati doa lolote moyoni.

Na ukiona hali, ukaona halali wala hali kwa majuma, au anazungumza juu ya kutotaka kuishi, usibaki na maombi peke yake. Mpeleke akaonane na daktari au mshauri siku hiyohiyo, ukae naye, uendelee kuomba hapo kwenye benchi la kungojea. Malaika wa Elia alileta chakula mkononi. Mungu haoni aibu kutumia mikono ya watu.

Jambo la mwisho kuhusu ua hili. Jani la sentipolia likivunjika, usilitupe. Lichomeke kikonyo chake kwenye udongo laini wenye unyevu kidogo, lifunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa, liache. Wiki za kwanza hutaona chochote. Utashawishika kulichomoa uangalie kama lina mizizi. Usilichomoe. Baada ya miezi miwili au mitatu, vijani vidogo hutokea pale chini, kando ya jani lile lililovunjika. Sisemi kwamba mtoto mwingine hufuta aliyeondoka. Hafuti, na tusimwambie mama yeyote hivyo. Nasema kuna kazi ambayo Mungu huifanya gizani, chini ya udongo, wakati sisi tunaona jani moja lililosimama peke yake, na kazi yetu wakati huo ni kuhakikisha halikauki wala halizami.

Dada yetu anaendelea. Kuna Jumapili anakuja, kuna Jumapili hawezi. Akija huketi viti vya nyuma, karibu na mlango, na Gogo huketi kando yake. Nawaomba, wapendwa, mkimwona mumsalimie kama mnavyomsalimia mtu yeyote, na mumwachie nafasi ile ya nyuma.

Tuombe. Baba, tupe masikio kabla ya midomo. Tufundishe kukaa na anayelia bila kumharakisha. Wale ambao tumewamwagia maneno mengi, waponye madoa. Wale ambao tumewasahau baada ya mazishi, tukumbushe majina yao sasa hivi. Wape watu wako waliofiwa joto katika baridi hii. Kwa jina la Yesu, Amina.

Kama kuna jina limekujia ulipokuwa ukiomba, usimtumie ujumbe huu. Mtafute, umuulize kama amekula.

Mbarikiwe sana.
Mchungaji wenu, Eldoret