Kanda Niliyoifungia Kabatini

Mwaka 1988, nikiwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu huko bara, nilimnyang'anya mwanachuo kanda ya muziki. Ilikuwa saa tano za usiku, taa zimekwisha kuzimwa, na kutoka bweni la wanaume nikasikia redio kaseti ikipiga makelele ya magitaa. Ilikuwa kanda ya kunakiliwa: ule mkusanyo wa nyimbo zilizovuma za kundi la Queen la Uingereza, "Greatest Hits", uliotoka mwaka 1981.

Kesho yake mstarini nikatoa hotuba. Nilisema (na kusema sijapata kushindwa) kwamba mwalimu wa kesho hawezi kulisha akili yake makombo ya ugenini. Kijana yule, mwenyeji wa Unguja, akanyosha mkono akasema kwa adabu: "Mwalimu, anayeimba humo kazaliwa kwetu, Unguja." Wenzake wakaangua kicheko. Nikaona ananifanyia kejeli mbele ya chuo kizima. Nikampa wiki mbili za kulima shamba la chuo, na kanda nikaifungia kabatini.

Msomaji, kijana alikuwa amesema kweli. Nilikuja kuijua kweli hiyo baada ya mwimbaji mwenyewe kufariki London, tarehe 24 Novemba, 1991, kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI. Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba, 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi. Baba yake alikuwa mtunza fedha wa mahakama. Alisomeshwa shule ya bweni Panchgani, India, akarejea Unguja mwaka 1963, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia yake ikahamia Uingereza. Wakati nilipoyasoma hayo, mwanachuo wangu alikwisha kuhitimu na kuondoka.

Kanda niliikuta tena nilipostaafu, ndani ya sanduku la vitabu. Kwenye karatasi yake kijana alikuwa ameorodhesha majina ya nyimbo zote 17, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni tuliokuwa tukiwafundisha. Herufi zilisimama sawasawa. Hapo ndipo nilipoona haya hasa, kuliko nilipoisoma habari ya gazetini.

Basi nikaisikiliza. Sikuipenda yote, na baadhi ya nyimbo bado naziona ni kelele. Lakini nikafanya hesabu ya kiualimu: kati ya nyimbo hizo 17, Mercury ametunga 10, Brian May wa gitaa 5, John Deacon wa besi 2, na Roger Taylor, mpiga ngoma, hana hata mmoja. Nilimwonea huruma, mpaka nilipoijua siri ya "Bohemian Rhapsody" ya mwaka 1975. Wimbo huo unakaribia dakika sita na hauna kiitikio. Unaanza kwa sauti tupu, unaingia kinanda, unageuka mchezo wa opera, unalipuka kwa magitaa, kisha unatulia. Ile kwaya kubwa ya katikati ni watu watatu tu, Mercury, May na Taylor, waliorekodi sauti zao mara nyingi, moja juu ya nyingine, na zile za juu kabisa ni za Taylor. Mwaka 2022 mkusanyo huo ulikuwa wa kwanza kupita nakala milioni 7 nchini Uingereza.

Mwaka huo huo nilivuka kwenda Unguja, kanda mfukoni. Shangani kuna jumba la makumbusho la Mercury, lililofunguliwa mwaka 2019. Nililipita haraka, maana si lililonipeleka. Niliulizia nyumba ya kijana wangu hadi nikafika. Mdogo wake akaniamkia, akanikaribisha kahawa, akaniambia kaka yake aliacha ualimu zamani, yuko Muscat. Alitaka kumpigia simu pale pale. Nikamwambia asimsumbue, nitakuja siku nyingine.

Sijarudi. Kanda ningali nayo, na kila baada ya miezi michache naizungusha kwa kalamu, isije ikagandana.