Kasuku Wadogo wa Bara Katika Minazi ya Mbagala

Katika minazi iliyosalia hapa kwetu Mbagala, upande wa Charambe, aghalabu kunapopambazuka twasikia kelele nyembamba za kasuku wadogo wapitao kwa makundi. Vijana wetu wa chuoni huwaita kasuku, basi. Lakini kasuku wa asili ya pwani ni mkubwa kuliko hawa, na kichwa chake ni cha kahawia. Hawa ni wageni kutoka bara, nao wako wa namna mbili.

Kwa umbo walingana: urefu wa sentimita 15 hivi, mwili wa kijani, mdomo mwekundu, na duara jeupe kuzunguka jicho. Tofauti i kichwani. Mmoja kichwa chake ni cheusi kana kwamba kimepakwa masizi, na shingoni hata kifuani ana manjano. Wa pili uso wake ni wa rangi ya chungwa lililoiva, na juu ya mkia ana buluu. Wataalamu wamemwita kwa jina la Fischer, Mjerumani aliyesafiri nchi hizi katika karne ya 19.

Msafiri akishika njia ya Dodoma atamkuta yule mweusi kwao, katika mibuyu, toka Iringa hata karibu na Arusha. Wa Fischer kwao ni mbele zaidi: Shinyanga, Mwanza, Serengeti, hata kisiwani Ukerewe. Desturi zao zakaribiana mno. Wote hutaga katika tundu la mti, jike akichukua maganda kwa mdomo kujengea, na mayai huatamiwa siku 23 hivi. Wote hula mbegu, na mkulima wa mtama hampendi huyu wala yule!

Aliyewachanganya ni mwanadamu. Katika miaka ya 1980 wa Fischer alikuwa miongoni mwa ndege walionaswa na kuuzwa ng'ambo kwa wingi kabisa duniani, hata idadi yake porini ikapungua sana. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi. Waliotoroka matunduni wamezaana mijini. Mombasa na Naivasha, nchini Kenya, namna hizi mbili zimepandana, wakatoka vifaranga wasio huyu wala yule.

Basi mzazi akiletewa tundu mlangoni, ndani yake mweusi mmoja na wa chungwa mmoja, akaambiwa ni dume na jike, asisadiki. Katika ndege hawa dume na jike huvaa rangi moja. Naye muuzaji na aulizwe kibali cha Maliasili kabla ya kuulizwa bei.