Hoteli ya ufukweni iliyo mbali na bahari

Mtoto akishuka kwenye gari mbele ya hoteli ya BoardWalk, karibu na mji wa Orlando katika jimbo la Florida nchini Marekani, swali lake la kwanza huweza kuwa hili: bahari iko wapi?

Ana haki ya kuuliza. Mbele yake kuna majengo ya rangi nyepesi yenye vibaraza na reli nyeupe, vitambaa vya mistari vimetandazwa juu ya madirisha kuzuia jua, na njia pana ya mbao inapita kando ya maji. Boti za abiria zinakuja na kuondoka. Giza likiingia, taa ndogondogo huwaka kufuata kingo za mapaa. Kila kitu kinasema pwani, isipokuwa maji yenyewe. Hayana chumvi. Ni ziwa liitwalo Crescent, na Bahari ya Atlantiki iko mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari.

Hoteli hii ilifunguliwa Julai 1996 ndani ya eneo la Walt Disney World. Viwanja viwili vya burudani, Epcot na Hollywood Studios, viko karibu kiasi kwamba familia huenda kwa miguu. Epcot ni dakika chache tu, Hollywood Studios ni kama dakika 20. Asiyetaka kutembea hupanda boti.

Ng'ambo ya ziwa ziko hoteli mbili za jamii hiyo hiyo, Yacht Club na Beach Club, zilizofunguliwa mwaka 1990. Zote tatu zilibuniwa na msanifu majengo Robert A. M. Stern, na zote zimeazima sura ya miji ya zamani ya pwani ya mashariki ya Marekani.

Kumbukumbu ya nani?

BoardWalk imeiga zaidi Atlantic City, mji wa mapumziko katika jimbo la New Jersey. Mwaka 1870 mji huo ulijenga njia ya mbao ufukweni kwa sababu ya kawaida kabisa: wenye hoteli na watu wa reli walichoshwa na mchanga ulioingizwa na wageni kwenye kumbi na mabehewa. Kilichojengwa kuzuia mchanga kikageuka kivutio. Watu walivaa nguo zao nzuri, wakatoka kupunga upepo, kuona na kuonwa. Anayeijua Forodhani ya Unguja wakati wa magharibi hahitaji maelezo zaidi.

Bwawa kubwa la hoteli nalo linaitwa Luna Park, jina la kiwanja cha michezo kilichofunguliwa Coney Island, New York, mwaka 1903. Bomba lake la kutelezea, lenye urefu wa mita 60 hivi, limepambwa lifanane na reli za mbao za viwanja vya enzi hizo, ambako vigari vilipanda polepole na kuteremka kwa kasi huku watu wakipiga mayowe.

Lakini kuna jambo ambalo mapambo hayasemi. Katika Atlantic City halisi, Wamarekani weusi ndio waliokuwa wapishi, wahudumu na wasukuma viti vya magurudumu ambavyo wenye fedha walikalia wakitembezwa juu ya mbao hizo. Wao wenyewe walipotaka kuogelea, kwa miongo mingi ya karne ya 20, walitengewa kipande chao cha ufuko mwishoni mwa Barabara ya Missouri. Kikaitwa Chicken Bone Beach, yaani Ufuko wa Mifupa ya Kuku, kwa ajili ya vyakula ambavyo familia zilikuja navyo kutoka nyumbani. Hata hivyo walipageuza kuwa mahali pa furaha, na wasanii wakubwa, akiwemo Sammy Davis Jr., walikwenda kustarehe hapo.

Mzazi Mwafrika anayempeleka mwanawe BoardWalk haharibu likizo kwa kumsimulia hayo. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuelewa kwamba hiyo "zamani nzuri" haikuwa nzuri kwa kila mtu, kisha akaenda kuteleza kwenye bwawa ambalo leo hakuna wa kumzuia kwa rangi yake.

Saa za mchana

Kinachozishinda familia nyingi katika safari za namna hii ni tamaa ya kumaliza kila kitu. Tiketi za viwanja ni ghali, nauli ya ndege ni ghali, kwa hiyo watu huingia geti likifunguliwa na kutoka usiku. Kufika siku ya tatu, mtoto mdogo analia kwenye foleni, mkubwa amenuna, baba na mama wanajibizana juu ya nani aliyesahau chupa ya maji. Fedha zilizowekwa kwa miaka zinaishia kwenye picha za watu waliochoka.

Hapo ndipo hoteli ya kufikika kwa miguu inapoonyesha thamani yake. Wanaolala katika hoteli za Disney huruhusiwa kuingia viwanjani nusu saa kabla ya wengine. Familia ikitumia nafasi hiyo inaweza kucheza asubuhi, ikarudi chumbani saa saba mchana, ikala na kulala kidogo, halafu watoto wakaingia bwawani. Saa kumi na moja jua likipungua, wanarudi kiwanjani wakiwa wapya. Katika miezi ya joto, mchana wa Florida huwa na mvua za radi mara kwa mara, na radi zikikaribia mabwawa hufungwa. Aliyelala saa hiyo hajapoteza kitu.

Utaratibu huu unamfaa hasa bibi au babu aliyefuatana na wajukuu. Magoti yake hayawezi foleni za kutwa nzima. Anaweza kubaki kwenye benchi kando ya ziwa, akatazama baiskeli za magurudumu manne zenye paa zikipita, zikikanyagwa na familia nzima, huku wajukuu wakijua pa kumkuta.

Ziwa la kutazama tu

Jambo moja lisemwe mapema, kabla mtoto hajaona mchanga uliomwagwa kando ya maji upande wa Beach Club: ziwani hakuogelewi. Maziwa ya Florida yana mamba. Mwaka 2016, mtoto wa miaka miwili aliuawa na mamba ukingoni mwa ziwa jingine ndani ya eneo hilohilo la Walt Disney World, na baadaye mabango ya onyo na uzio viliwekwa. Mtoto aliyezoea kukimbilia maji ya Coco Beach au Nyali anahitaji kushikwa mkono hapa. Wenye hamu ya mawimbi watenge siku moja ya kwenda Cocoa Beach, kwenye Atlantiki yenyewe.

Hesabu ya mfukoni

BoardWalk ni ya daraja la juu, na bei yake ni ya daraja la juu. Hakuna sababu ya familia kukopa ili ilale hapo. Disney ina hoteli za bei nafuu ndani ya eneo hilo, na njia ya mbao si ya wageni wa hoteli peke yao. Aliye ndani ya Epcot anaweza kutokea mlango uitwao International Gateway na kutembea hadi hapo bila kulipa chochote. Asichoruhusiwa ni bwawa.

Mtoto aliye chini ya miaka 3 hahitaji tiketi ya kiwanja, na aliyetimiza miaka 10 hulipiwa kama mtu mzima. Basi la bure kutoka uwanja wa ndege wa Orlando lilisitishwa mwaka 2022, kwa hiyo nauli ya teksi iingizwe kwenye bajeti tangu nyumbani.

Usiku, fataki za Epcot husikika hadi kwenye njia ya mbao, na baadhi huonekana juu ya miti. Watu husimama, wengine na watoto mabegani, kisha hutawanyika taratibu. Mtoto aliyeuliza bahari mchana, sasa akiwa na aiskrimu mkononi na usingizi machoni, anaweza kuuliza tena. Bibi aliyekulia Tanga hana haja ya kumweleza habari za Atlantic City kwa mara ya pili. Anaweza kuanza na bahari anayoijua mwenyewe: ngalawa zilizorudi alfajiri, na mama yake aliyemkataza kwenda majini akiwa ameshiba, naye akaenda. Njia ya kurudi chumbani ni fupi, na hakuna anayewaharakisha.