Usivute Jembe, Sogeza Trekta

Nilizaliwa Katesh, chini ya Mlima Hanang, enzi ambazo mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, yaliendeshwa kwa msaada wa Kanada. Baba alikuwa dereva wa trekta huko Basotu. Mashine kubwa za shambani mtoto hakuruhusiwa kuzisogelea. Niliyoruhusiwa kuigusa ni Massey Ferguson ndogo ya kuvuta trela na kupiga haro, na hata hiyo sikuanza kwa kuiendesha. Nilianza kwa kufunga na kufungua majembe, mikono ikinuka grisi, baba amesimama pembeni. Kila aliponiona nikikazana na jembe la sahani alisema neno lile lile: "Usivute jembe, sogeza trekta."

Msaada ulipokoma miaka ya 1990 na kazi kupungua, nikawa dereva wa matrekta ya watu binafsi, Babati hadi Karatu, nikilima kwa malipo ya ekari. Baadaye nikapata viza ya bahati nasibu ya Marekani, nikaangukia Fargo, North Dakota. Kwanza nilisafisha ofisi usiku. Niliposikia kwamba kuna kampuni ya kutengeneza viwanja na bustani inayotafuta mtu wa trekta, nilifika pale kabla hawajafungua geti.

Msimamizi hakuniuliza cheti. Alinionyesha trekta, akanionyesha reki ya chuma iliyolala kwenye nyasi, akasema: ifunge.

Reki hiyo ni chombo rahisi. Ina boriti ya chuma ya futi 6 hivi, safu ya meno ya chuma cha springi yaliyopinda kuelekea trekta, na fremu yenye sehemu tatu za kufungia. Haihitaji PTO, yaani shafti ya kupeleka nguvu ya injini kwenye kifaa. Kazi yake ni kuchana udongo ambao umekwisha kusawazishwa: inakokota mawe, mizizi na mabonge, nyuma yake inaacha ardhi laini ya kupandia nyasi. Hutumika pia kurudisha kokoto mahali pake kwenye njia za magari.

Sikuwahi kuiona reki ya namna ile, lakini sehemu zile tatu nilizijua. Ni zile zile za jembe la baba. Mfumo huo ni wa Harry Ferguson, fundi wa Ireland, nao ulienea sana baada ya kuwekwa kwenye trekta ya Ford 9N mwaka 1939. Kabla yake majembe mengi yalikokotwa tu nyuma. Ferguson alilifunga jembe likawa kiungo cha trekta, na mzigo wake ukasaidia kukandamiza magurudumu ya nyuma yasiteleze. Ndiyo maana aliyejifunzia Basotu hakuwa mgeni Fargo.

Kabla ya kupanda nilitazama pini. Matrekta madogo hutumia daraja la kwanza: pini za chini ni milimita 22, ya juu 19. Yanayofuata kwa ukubwa hutumia daraja la pili: 28 na 25. Pini ndogo huingia kwenye tundu kubwa bila shida, ila itacheza humo kutwa nzima mpaka tundu lilike na kupoteza umbo. Dawa yake ni bushi, kipete cha chuma cha kujaza nafasi hiyo. Siku ile pini na matundu vilikubaliana.

Nikarudi rivasi polepole mpaka mikono miwili ya chini ikawa usawa wa pini za reki. Nikavuta hendibreki, nikazima injini, nikashuka. Mkono wa kushoto hufungwa kwanza, kwa kuwa kimo chake kwa kawaida hakirekebishwi. Unafuata wa kulia, ambao una kishikio cha kuzungusha. Unaupandisha au kuushusha taratibu hadi tundu likutane na pini. Mwisho ni linki ya juu, ambayo hurefuka na kufupika kwa kuizungusha vilevile. Kila pini na klipu yake ya usalama. Tundu likikataa hushiki nyundo wala huiti watu waje kusukuma. Unapanda tena, unasogeza trekta kiasi cha upana wa kidole. Kisha unakaza minyororo ya pembeni ili reki isiyumbe. Wakati wa kufungua unaanzia ulikoishia: linki ya juu, kulia, kushoto.

Msimamizi aliniambia nije kesho saa 12 asubuhi.

Fargo yenyewe imekaa kwenye sakafu ya ziwa la kale liitwalo Agassiz. Udongo ni mfinyanzi mweusi, na jiwe ni nadra kuliona. Ukivuka kwenda Minnesota, upande wa Detroit Lakes, mambo yanageuka: barafu ya kale iliacha mawe ya kila ukubwa, na kila majira ya baridi ardhi ikiganda huyasukuma mengine juu. Huko ndiko nilikoijua reki vizuri. Unafungua pini ya katikati, unaigeuza boriti ikae mshazari, na mawe yanajipanga mstari upande mmoja badala ya kurundikana mbele ya meno. Linki ya juu ikizungushwa kidogo tu, meno hubadilisha pembe. Kwa hiyo nilivuta mita chache, nikashuka kutazama mistari, nikarekebisha, ndipo nikaendelea.

Kisha kampuni ikaleta skidi-stia, mashine ndogo ya kupakia yenye mikono mbele, ambayo wengi wetu tunaiita Bobcat hata ikiwa ya kiwanda kingine. Mashine hii ni mzaliwa wa huko huko. Ndugu wawili, Cyril na Louis Keller, waliunda ya kwanza mwaka 1957 katika mji mdogo wa Rothsay, Minnesota, kwa ajili ya mfugaji wa batamzinga aliyetaka kitu chepesi cha kusafishia banda la ghorofa na chenye uwezo wa kugeuka mahali finyu. Kuifungia kifaa ni kazi ya dakika chache. Unainamisha bamba la mbele, unaliingiza chini ya ukingo wa kifaa, unalirudisha nyuma, unanyanyua kidogo, unalaza nyenzo mbili. Kisha ni lazima uhakikishe kwamba pini za chini zimetokeza kwenye matundu yake. Asiyetazama, siku moja kifaa kitamdondoka.

Reki ya trekta nayo hufungika hapo kwa bamba la kuunganishia. Ila reki ile imeumbwa ivutwe. Ikiwa mbele ya skidi-stia, kazi yote inafanywa kwa kurudi nyuma, shingo imegeuka, na nyuma ya mashine hakuonekani vizuri. Tofauti kubwa zaidi iko kwenye haidroliki. Mikono ya trekta nyingi hunyanyua tu. Reki hushuka kwa uzito wake na kufuata mabonde na vilima vya ardhi. Mikono ya skidi-stia husukuma chini pia. Kijana mmoja wa Uvira, Kongo, niliyekuwa namfundisha aliikandamiza reki mpaka magurudumu ya mbele yakaachana na ardhi. "Papa, iko inainuka mbele!" akapiga kelele. Nilimwonyesha namna ya kuiacha mikono ielee, na meno yakaacha kuchimba mitaro. Bado ilibaki tabia ya skidi-stia ya kugeuka kwa kuburuza magurudumu, ambayo huchimbua palipokwisha kuchanwa.

Baada ya miaka yote hiyo msimamo wangu ni huu. Penye eneo wazi, funga reki kwenye trekta. Itafanya kazi safi zaidi na dereva atachoka kidogo. Skidi-stia iachie ua mwembamba, kona za nyumba na kubeba mawe yaliyokwisha kukusanywa.

Na wewe kijana unayeingia kwenye kazi hii, iwe Manyara au Minnesota, omba kufundishwa kufunga kabla ya kuomba usukani. Usivute kitu chochote kwa linki ya juu, maana trekta inaweza kubinuka kinyumenyume ikakulalia. Zima injini kabla ya kuingia kati ya trekta na kifaa, na unaporudi rivasi usikubali mtu asimame hapo, hata akiwa ndugu yako aliyekuja kukusaidia.