Vyura wa Shimba: Tazama Vidole Kwanza

Mvua za masika zikinyesha, vuka feri ya Likoni upande hadi Kwale. Beba tochi, na usiku huo ulale kambini katika Milima ya Shimba. Kando ya vidimbwi utasikia vyura wakilia kila upande. Je, utawatambuaje?

Anza na ngozi. Mwenye ngozi kavu ya vinundu, miguu mifupi na uvimbe nyuma ya macho ni jamaa ya yule wa uani kwako. Uvimbe huo una sumu, usimshike.

Kisha tazama vidole. Vikiwa na visahani nchani, huyo hukwea miti au matete. Ukiona povu jeupe tawini juu ya maji, mna mayai ndani. Viluwiluwi wakianguliwa hudondokea kidimbwini.

Mtafute hasa chura mmoja wa matete, mdogo kama kidole gumba, mweusi mwenye michirizi myekundu kama minyoo. Duniani kote hupatikana Shimba tu. Kinamasi chake kikikauka, hana pa kuhamia. Waonyeshe watoto, kisha mwacheni alie.