Zamani CV Haikuvaa Rangi

Kijana wa leo anayeomba kazi hana haja ya kupanga foleni kwa mchapaji. Anafungua simu akiwa ndani ya daladala, anachagua kiolezo chenye rangi aipendayo, anajaza jina lake, na kabla hajashuka wasifu uko tayari: picha ndani ya duara, ukanda wa buluu pembeni, nyota za kupimia ujuzi. Unapendeza. Sisi tuliokaa ofisi za utumishi tangu enzi za taipureta tunautazama, tunausifu, halafu tunaanza kutafuta. Huyu bwana kasoma nini? Kazi ya mwisho kaifanya wapi, na kaiacha lini? Tunageuza karatasi juu chini. Majibu yamo, ila yamejificha nyuma ya mapambo.

Enzi zetu maombi yalikuja kwa posta. Bahasha ya kaki, stempu, jina la mwajiri na S.L.P. yake. Ndani ulikuta barua iliyoandikwa kwa mkono, kwa sababu waajiri wengi walitaka kuuona mwandiko wako, kisha wasifu uliopigwa chapa, na vivuli vya vyeti. Masjala walifungua bahasha, wakagonga muhuri wa kupokea, wakatoboa matundu mawili upande wa kushoto, wakafunga kwenye faili. Aliyejaza maneno hadi ukingoni aliumia hapo hapo, maana tundu lilimlia mwaka wa kuzaliwa au nusu ya jina la shule. Kwa hiyo mchapaji mzoefu aliacha ukingo mpana kushoto. Mtazamaji aliuona kama urembo, kumbe mchapaji alikuwa anakikwepa kitoboleo cha masjala.

Wachapaji wenyewe walikuwa watu wa kuheshimiwa. Wengi walipita Chuo cha Uhazili Tabora, wakafundishwa hatimkato kwa Kiswahili na Kiingereza, wakapimwa kwa idadi ya maneno kwa dakika, ndipo wakaitwa makatibu muhtasi. Jioni, baada ya saa za kazi, baadhi yao walichapia watu binafsi. Mjini Dar es Salaam walikuwepo pia wale wa barazani, taipureta juu ya meza ndogo, na mteja amekaa kwenye benchi akisubiri zamu yake huku karatasi yake ya rasimu imekunjwa mfukoni.

Ukitaka kujua kwa nini kazi yao ilisomeka, ungewatazama wakiweka kichwa cha habari katikati ya ukurasa. Taipureta ya kawaida ilipiga herufi 10 kwa inchi, na kila herufi ilichukua nafasi sawa, iwe i nyembamba au m nene. Karatasi ya A4 ilibeba herufi 82 kwa upana wake, kwa hiyo katikati ilikuwa 41. Mama mchapaji akitaka kuandika MAELEZO BINAFSI alihesabu herufi pamoja na nafasi, akapata 15. Aliipeleka mashine hadi 41, akabonyeza kitufe cha kurudi nyuma mara 7, yaani mara moja kwa kila herufi mbili, ndipo akaanza kupiga. Kichwa kilikaa katikati kabisa. Hesabu hiyo aliifanya kichwani huku akikuuliza umemaliza darasa la saba mwaka gani.

Vifaa vyake vya kupambia vilikuwa vinne tu: herufi kubwa, mstari chini ya maneno, nafasi tupu, na tabo ya kupanga safu. Majina ya vipengele yalianzia kushoto, nukta pacha zote zikasimama wima kama askari wa gwaride, na majibu yakafuata kulia. Ulishusha jicho mara moja na umemjua mtu. Baadhi ya mashine zilikuwa na utepe wa rangi mbili, nyeusi juu na nyekundu chini, na wateja vijana hawakukosa kuuliza.

“Shikamoo mama. Naomba vichwa vya habari uweke nyekundu.”

“Marahaba. Mwanangu, nyekundu wanasahihishia daftari. Wewe unaomba kazi au unaomba kusahihishwa?”

Kijana alicheka, na vichwa vikabaki vyeusi.

Siwezi kusema kila kitu cha zamani kilikuwa bora. Wasifu ule ulianza na jina, kisha kabila, dini, hali ya ndoa na idadi ya watoto, tena juu kabisa, mahali jicho linapotua kwanza. Elimu na uzoefu vilingoja zamu yao chini. Yaani kabla hujajua mtu anaweza kufanya nini, tayari ulikuwa umeshajua anatoka wapi na anasali wapi. Kupanga ukurasa ni kuamua nini kionekane kwanza, na sisi tulikuwa tumeamua hivyo bila hata kujadiliana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imepiga marufuku kumbagua mtu kazini, au anayeomba kazi, kwa kabila, dini, jinsia, hali ya ndoa, ulemavu na mengineyo. Bado leo napokea CV zenye mistari ile ile, zimerithiwa kutoka kwa kaka, naye alirithi kwa mjomba.

Halafu kulikuwa na karatasi ya kaboni. Mwombaji maskini alilipia uchapaji mara moja akapata nakala tatu. Ya juu ilikuwa safi, ya pili hafifu, ya tatu ukungu. Mwajiri aliyepata ile ya tatu alimwona mwombaji hafifu vilevile. Watu wamekosa usaili kwa sababu ya wino, na hakuna aliyewaambia.

Kompyuta zilipoingia kwenye maduka ya steshenari, miaka ya 1990 ikielekea ukingoni, tulifurahi. Kosa halikuhitaji tena wino mweupe, na nakala ya tano ilikuwa safi kama ya kwanza. Lakini pamoja na kompyuta ikaja hamu ya kujaribu kila kilichomo. CV zilianza kufika na fremu za maua, jina limepinda kama upinde wa mvua, saa ya ukutani imechorwa pembeni bila sababu. Wengine walitumia Comic Sans, herufi zilizobuniwa mwaka 1994 kwa ajili ya maneno ya mbwa wa katuni, wakaombea nazo kazi ya uhasibu. Waliobaki na Times New Roman walionekana washamba, ingawa herufi hizo zilitengenezwa kwa gazeti la The Times la London, likaanza kuzitumia mwaka 1932, kusudi maneno mengi yaingie kwenye safu nyembamba na bado yasomeke.

Nakumbuka usaili mmoja wa nafasi ya ofisa ugavi. Mwombaji alileta wasifu wenye vichwa vya rangi ya anga, umechapwa kwenye karatasi ngumu ya rangi ya maziwa, umebaindiwa. Kwenye meza yangu ulikuwa mrembo kuliko yote. Kama kawaida, tulitoa kopi za wajumbe wa jopo kwa mashine ya nyeusi na nyeupe. Rangi ya anga haikutoka. ELIMU ikapotea, UZOEFU ukapotea, kikabaki kitu kama orodha ndefu ya miaka na majina ya mahali. Mjumbe mmoja aliuliza kama huyu kijana amesoma popote. Alikuwa na shahada. Tuliipata kwenye nakala halisi, lakini tayari mjumbe yule alikuwa ameshaandika alama zake, na mtu akishaandika kwa kalamu hapendi kufuta.

Steshenari zilileta pia mtindo wa “CV ya mfano”. Faili moja lilikaa kwenye kompyuta ya duka, kila mteja akabadilisha jina na kuacha mengine. Kuna mwezi nilisoma wasifu wa watu sita tofauti, wote wanapenda kusoma vitabu, kusafiri na kubadilishana mawazo, na wawili wao wana wadhamini watatu wale wale wenye namba zile zile za simu. Mchapaji wa zamani alikuhoji kabla ya kugusa mashine. Wa steshenari alikuuliza unataka kurasa ngapi.

Sasa tuko kwenye zama za violezo. Canva ilianzishwa Australia mwaka 2013, na leo mtu asiyejua chochote cha usanifu anaweza kutoa ukurasa ambao mchapaji wetu asingeuota. Ni neema, wala sina kinyongo nayo. Ninachosikitikia ni kwamba kiolezo hakimjui anayekitumia. Hivi karibuni kijana mmoja aliyelelewa Morogoro alituletea CV yenye vijiti vya kupimia lugha: Kiingereza asilimia 80, Kiswahili asilimia 90. Mwenzangu kwenye jopo akamuuliza kwa upole, hiyo 10 ya Kiswahili iliyobaki imekwenda wapi. Kijana alijibu kwa ukweli wote: “Mzee, kilikuja hivyo hivyo.” Vijiti, nyota na duara zilizojazwa nusu hazipimi kitu chochote. Ungeandika “nimefanya usuluhishi wa hesabu za benki kila mwezi kwa miaka mitatu” tungeelewa mara moja, bila nyota.

Na siku hizi msomaji wa kwanza huenda si binadamu. Kampuni kubwa, hasa zinazopokea maombi kwa mtandao, hutumia programu inayochota maneno kutoka kwenye faili na kuyapanga kabla mtu hajafungua chochote. Baadhi ya programu hizo husoma mstari kwa mstari kutoka kushoto kwenda kulia. Ukimpa msomaji huyo safu mbili, huenda akaunganisha ya kushoto na ya kulia, ukasomeka: “Mhasibu Msaidizi kuogelea 2019 Kiingereza.” Namba ya simu uliyoitambulisha kwa mchoro wa simu tu, yeye huenda asiitambue. CV uliyoituma kama picha, kwake huenda ikawa ukurasa mtupu. Kwa serikali ndiyo kabisa: Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma inapokea maombi kupitia Ajira Portal, unajaza taarifa zako kwenye visanduku na kupakia vyeti vilivyothibitishwa na wakili. Visanduku ni vya wote, havijali buluu wala nyekundu. Baada ya mapambo yote yale, tumerudi kwenye safu moja iliyonyooka, kama ya yule mama, ila yeye hayupo tena kukuambia wapi umekosea.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko kioja cha maua na mbwa wa katuni. Maarifa ya kupanga ukurasa yalikuwepo, yalifundishwa darasani na kufanyiwa mtihani, halafu tukayaacha yaende na taipureta tukidhani ni mali ya mashine. Yalikuwa ni ya jicho, na jicho halijabadilika. Mwaka 2012 kampuni ya Marekani, Ladders, ilifuatilia macho ya wanaoajiri na kutangaza kwamba mtazamo wa kwanza wa wasifu huchukua sekunde 6 hivi. Walipopima tena mwaka 2018 wakapata 7.4. Mimi sikuhitaji kipimo. Mezani kuna faili 200, chai inapoa, na bosi anataka majina kumi kabla ya saa nane. Unatazama jina, cheo cha sasa, mwajiri, tarehe, shule. Ukivipata unaendelea kusoma. Usipovipata unaweka pembeni, na pembeni kunajaa haraka.

Kwa hiyo usanifu una kazi kwenye CV, tena kubwa. Jina lako liwe kubwa kuliko neno lolote jingine ukurasani. Vichwa viwe vizito na vilingane ukubwa, maneno ya kawaida yawe ya ukubwa wa 11 au 12, na aina ya herufi iwe moja tu. Tarehe zote zipangwe safu moja, kazi ya karibuni ikae juu. Acha sentimita 2 hadi 2.5 kila upande, na acha nafasi kubwa zaidi kabla ya kila kichwa kuliko baada yake, ili kila sehemu ishikamane na mambo yake. Ukitaka rangi, chagua moja iliyokolea, buluu ya usiku au kijani kizito, itakayobaki nyeusi kwenye kopi. Kabila, dini na idadi ya watoto viache nyumbani. Picha usiweke mpaka uombwe. Anayeomba kazi ya uchoraji au ubunifu wa matangazo ana ruhusa zaidi, maana kwake ukurasa wenyewe ni sampuli ya kazi. Lakini hata yeye aandae nakala moja nyepesi kwa ajili ya mashine.

Kabla hujatuma, fanya mambo mawili. Nakili maneno yote ya CV yako, yabandike kwenye programu ya maandishi matupu, uone kama bado yana mpangilio na maana. Hivyo ndivyo mashine itakavyokuona. Kisha iprinti kwa nyeusi na nyeupe, umpe mtu mzima anayevaa miwani, baba, shangazi au jirani, na baada ya muda mfupi uichukue. Muulize unafanya kazi gani, umeifanya wapi, na umesoma hadi wapi. Akijibu yote matatu, tuma. Akianza kukusifia rangi, rudi ukaipange upya.