Magurudumu Mawili au Manne

Anayenunua motokaa yake ya kwanza ya mbio hana budi kuchagua: nguvu za injini ziende kwenye magurudumu ya nyuma tu, au yote manne? Jambo hili nimelipima siku nyingi, maana njia yangu ni ya Limuru, yenye mvua na ukungu.

Katika mashindano ya Safari hapa kwetu, Datsun 240Z, isukumwayo na magurudumu ya nyuma, ilishinda mwaka 1971 na 1973. Mwaka 1987 ikashinda Audi ya magurudumu manne, na wengi husema hoja ilikwisha siku hiyo. Mimi sikubali. Magurudumu manne yakigawana nguvu, motokaa huondoka topeni bila ya kuteleza. Lakini kusimama ni kazi ya breki na matairi, na breki za aina zote mbili hushika magurudumu yote manne. Dereva mgeni huongeza mwendo kwa wepesi, akafika penye kona asiweze kuupunguza. Ile ya magurudumu ya nyuma haifichi neno: ukikanyaga mafuta kwa pupa katikati ya kona, mkia huchepuka. Kama injini ni ya nguvu za kiasi, onyo hilo huja mwendo ungali mdogo.

Nimechagua Mazda MX-5, nyepesi, ya magurudumu ya nyuma. Ningalikaa penye barabara ya udongo, ningalichagua nyingine. Fedha itakayosalia nitanunulia matairi mapya.